Risasi Nne, na Bado Anatembea

Mbooni,
4 Machi 2024

Kwa Konstebo Liban Abdiaziz,

Mimi ni Wayua, mke wa Koplo Mulinge. Tumeonana mara mbili tu. Ya kwanza ni ile siku ulikuja Mbooni na mume wangu, Baba Ndunge, ukala muthokoi wa mahindi kwetu. Ya pili ni siku ya mazishi yake, uliposimama nyuma ya hema na wenzako wa polisi, ukaondoka kabla ya chakula. Sikukusalimia. Siku hiyo sikuwa nasalimia mtu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu iko kwa shemeji yangu Musyoka. Alisema anawapelekea wachunguzi. Wachunguzi waliitazama wakairudisha, lakini yeye hajanipa. Barua hii imebebwa na Mumbua, tunaimba naye kwaya, na siku za soko hupeleka ovakado Kitui. Yeye ndiye alisikia umetolewa Zombe ukaletwa Kitui mjini kukaa kwa dawati. Ukitaka kunijibu, mpe yeye. Usimpe mtu mwingine yeyote wa Mbooni.

Mwezi jana mume wangu aliuawa kwa panga katika boma la mama yangu huko Zombe. Aliyemuua ni ndugu yangu Nzioka. Wewe ulimpiga Nzioka risasi nne, naye akafa. Mulinge alizikwa hapa kwa heshima za polisi. Nzioka alizikwa Zombe wiki hiyo hiyo na sikuruhusiwa kwenda, kwa sababu mtu hatoki kwa kaburi la mumewe akaenda kulia kwa kaburi la aliyemuua. Hivyo ndivyo niliambiwa.

Nina maswali mawili. Kama risasi inaua, kwa nini ulihitaji nne? Yule kijana alikuwa mgonjwa wa akili, dawa zilikuwa zimemwishia, kijiji kizima kinajua. Ungempiga moja ya mguu aanguke, mumfunge. Na kama kweli ulipiga zote nne, kwa nini mume wangu amekufa?

Najua maswali haya yanapigana. Mimi ninaamka nayo yote mawili.

Wayua


Kitui,
11 Machi 2024

Kwa Mama Ndunge,

Nimepokea barua yako. Nimeagizwa nisizungumze na shahidi yeyote mpaka kikao cha mahakama kuhusu vifo hivi kiishe, na wewe umeandikwa kuwa shahidi. Kwa hivyo sitaweza kukujibu. Maelezo yangu niliyaandika siku ile ile. Nilifyatua risasi nne na zote nne zilimpata. Bastola yangu ilichukuliwa. Siruhusiwi kutoka Kitui.

Pole sana kwa msiba.

Konstebo Liban Abdiaziz

Nimekaa na barua hii mezani tangu asubuhi na nimeshindwa kuifunga. Naongeza jambo moja. Umesema mguu. Mguu wa mtu anayekwenda mbio ni kitu chembamba kinachorukaruka, na mkono wa mtu mwenye hofu haukipati. Hata ukikipata, mtu anaweza kuendelea. Bastola si vile watu wanafikiri. Inatoboa, haisukumi. Sijui nikueleze vipi. Ukishasoma, ichome.


Mbooni,
25 Machi 2024

Kwa Konstebo Liban,

Sikuichoma. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea mikunjoni.

Acha nikuambie yanayosemwa, kwa sababu wewe umefungiwa huko Kitui na pengine hayakufikii. Zombe wanasema Nzioka alikuwa amefanyiwa kitu na mganga, ndiyo maana risasi hazikumwingia. Mbooni wanasema hukumpiga mapema kwa makusudi. Wanasema wewe ni Msomali, kwamba kulikuwa na ngamia wa watu wenu kwenye mashamba siku hiyo, na kwamba ulisimama ukiangalia Wakamba wawili wakimalizana, kisha ukapiga. Musyoka husema hivyo mezani, watoto wakisikia. Mimi hunyamaza. Nikikutetea wataniuliza ninatetea nini, na nikikubali nitakuwa nimesema kitu nisichokijua.

Bibi mmoja hapa aliniambia ameona kwenye sinema, mtu akipigwa risasi anarushwa nyuma mpaka ukutani. Mimi pia nimeona. Basi niambie, mtu mwembamba kama ndugu yangu alipataje kuvuka boma akiwa na vyuma vinne mwilini?

Na niambie pia, mlipokuwa njiani kwenda kwa mama, wewe na Baba Ndunge mlizungumza nini?

Wayua


Kitui,
8 Aprili 2024

Shemeji Wayua,

Nakuita shemeji kwa sababu Mulinge alikuwa ananiita ndugu, na kwa sababu nimechoka kuandika kama askari. Ni siku za mwisho za Ramadhani, ofisi imetulia. Nitakueleza vile ilivyokuwa. Wakijua nimekuandikia watanifukuza kazi, na dada yangu Qamar huko Garissa atafurahi. Kila akipiga simu ananiambia niache.

Ilikuwa Ijumaa. Nilitoka msikitini nikamkuta Mulinge peke yake kituoni. Wenzetu walikuwa wamechukua bunduki kubwa zote wakaenda upande wa mashariki, huko kwa ngamia. Hilo la ngamia ni kweli. Tulibaki wawili na bastola zetu za kiunoni. Jirani wa mama yako akaja akikimbia, akasema Nzioka ana panga, amemfungia mama jikoni.

Tulienda kwa miguu. Njiani hatukuzungumza mengi.

Mama hakuwa amefungiwa. Alikuwa amejifungia mwenyewe, ameshikilia mlango kwa ndani. Nzioka alikuwa katikati ya boma akikatakata kibanda cha kuku. Mulinge aliniambia nibaki kwa lango. Yeye ni koplo, mimi konstebo, nikabaki. Akaingia mikono mitupu akiongea naye Kikamba. Mimi Kikamba sijui, lakini kuna neno alirudia sana, naliandika nilivyolisikia: tuthi musyi, tuthi musyi. Nzioka akaacha kukata. Nikaona panga linashuka polepole mpaka karibu na goti. Mulinge akanyoosha mkono. Nikajua imeisha.

Ndipo mlango wa jikoni ukagonga. Nafikiri mama alisikia kimya akataka kutoka. Nzioka aligeuka kule, akageuka huku, kisha akamjia Mulinge. Hakupiga kelele. Nilifyatua. Nikaona shati lake likituna kidogo kama limepigwa na upepo. Hata hakunitazama. Nikafyatua ya pili na ya tatu. Panga likamshukia Mulinge shingoni. Nikafyatua ya nne. Shemeji, baada ya ya nne yule kijana alitembea. Alitembea mpaka kwenye ngazi ya jikoni, akaliweka panga chini kama mtu aliyetoka shambani, akaketi. Alifia hapo ameketi.

Kwenye mafunzo, mwalimu wetu wa shabaha alituambia maneno ambayo tuliyacheka. Alisema polisi hubeba bastola kwa sababu bunduki ni nzito kutembea nayo kutwa, si kwa sababu bastola inatosha. Alisema mtu huanguka papo hapo kama risasi imegusa ubongo au uti wa mgongo. Vinginevyo huanguka damu ikimwishia, na damu haina haraka. Hata moyo ukitobolewa, kichwani bado kuna hewa ya kumtembeza mtu kidogo. Hiyo kidogo ndiyo ilimtosha Nzioka. Yale ya sinema ni ya sinema. Mganga hayumo.

Sikungoja ili wamalizane. Naapa kwa mwezi huu.

Liban


Mbooni,
29 Aprili 2024

Shemeji Liban,

Mvua imekata barabara, Mumbua hakushuka kwa wiki mbili, ndiyo maana nimechelewa. Huku mlimani udongo umeshuka na migomba ya watu.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama shambani, nikakaa chini kwenye tope. Tuthi musyi ni kusema twende nyumbani. Lakini walikuwa nyumbani. Nzioka alizaliwa kwenye boma lile. Niliwaza sana, mwisho nikaelewa. Kabla hajaugua, Nzioka aliishi na sisi hapa Mbooni miaka miwili akisoma sekondari. Baba Ndunge alimpenda. Alikuwa akija likizo wanapanda mlima pamoja mpaka juu kabisa kuchuma machungwa, wanarudi wamekula nusu. Siku ile alikuwa anamwita huku. Alitaka kumleta kwangu.

Sasa ninajua neno la mwisho alilosema mume wangu, na siwezi kumwambia mtu yeyote katika nyumba hii, kwa sababu wataniuliza nimelitoa wapi.

Mama mkwe wangu, Kalekye, hali chakula nikipika. Hagombani na mimi. Anakaa, anasema ameshiba, kisha anajipikia uji wake baadaye kwa sufuria ndogo. Mama yangu yuko peke yake Zombe na sijamwona tangu Krismasi. Nikisema nataka kwenda, Musyoka anasema nenda, lakini watoto wa Mulinge hawaingii kwenye boma lile. Ndunge ana miaka minane, Mutindi mitatu. Kwa hivyo siendi.

Kuna jambo hujalieleza. Wachunguzi walikuja hapa wakaniuliza kwa nini bastola ya Baba Ndunge ilipatikana ndani ya mkoba wake wa kiunoni, kifungo kikiwa kimefungwa. Waliniuliza kama alikuwa na sababu yoyote ya kutoitoa. Nilisema sijui. Wewe umeandika nini?

Shemeji yako,
Wayua


Kitui,
20 Mei 2024

Shemeji,

Nimeandika kwamba Koplo Mulinge hakupata nafasi ya kutoa silaha yake. Usiulize zaidi, tafadhali.

Nakuandikia kwa jambo lingine. Mama yako alikuja hapa. Jumanne niliitwa kutoka dawatini, nikaambiwa kuna mama ananingoja kwenye benchi. Nilimtambua kwa leso aliyojifunga, ile ile ya siku ile. Nilidhani amekuja kunilaani, nikasimama mbali. Akagonga benchi kwa kiganja, nikaketi.

Kiswahili chake ni kidogo na Kikamba changu hakuna, lakini tulielewana.

Alisema, "Mimi nilichungulia kwa mwanya. Niliona wewe nikaona yeye."

Nikamwambia, "Mama, nisamehe."

Akauliza, "Alisikia uchungu?"

Nilimwambia kweli, kwamba sijui. Nilimwambia watu wengi wakipigwa risasi mwili ukiwa umewaka hawajui kama wamepigwa mpaka baadaye, na kwamba usoni mwake sikuona uchungu wowote.

Kisha akasema, "Alikuja kukaa kwa mlango wangu. Alikuwa akikaa hapo jioni akingoja chakula."

Halafu akanipa ujumbe. Amesema nikuandikie usiende Zombe. Amesema ukienda na watoto wakwe zako watakugeuka, na ukienda bila watoto hutawapata ukirudi. Amesema yeye ana kuku waliobaki na ana kanisa. Nilimuuliza alijuaje kwamba tunaandikiana, akasema Mumbua ni mpwa wa jirani yake.

Nilimsindikiza mpaka lango, kwa sababu zaidi ya hapo sina ruhusa.

Liban


Mbooni,
17 Juni 2024

Shemeji Liban,

Wachunguzi wamerudi. Safari hii walikuwa na karatasi ya kampuni ya simu. Walikaa sebuleni kwa Kalekye, Musyoka akiwa kwa kiti cha mkono wa kulia na mama mkwe akichambua maharagwe. Wakasema siku ile, muda mfupi kabla ya nyinyi kutoka kituoni, namba yangu ilimpigia Baba Ndunge. Wakauliza tulizungumza nini.

Nilisema tulizungumza sare ya shule ya Ndunge.

Maneno yalitoka yenyewe. Kalekye hakuinua kichwa, lakini mikono yake iliacha maharagwe.

Kikao ni mwezi ujao. Nitasimama mahali pale, nitaapa, na wataniuliza tena. Nikisema ya sare, nitakuwa nimeapa uongo kanisa langu lote likijua sura yangu. Nikisema ya kweli, siwezi kurudi katika nyumba hii, na watoto wako katika nyumba hii. Wewe nawe umeandika hakupata nafasi. Uongo wako na wangu umefanana na hatukupanga. Au wewe ulipanga?

Sasa nakuuliza tena, na usinijibu kama askari. Njiani alikuambia nini?

Wayua


Kitui,
24 Juni 2024

Shemeji Wayua,

Aliniambia.

Tulipokuwa tunatoka kituoni alirudisha simu mfukoni, akasema, "Mke wangu amepiga. Mama yake amemwambia ya Nzioka. Amesema nisimpige huyo kijana. Nimemwambia sitampiga." Tukatembea kidogo. Kisha akasema, akicheka ile njia yake ya kucheka, "Na wewe pia umeahidi." Nikamwambia, sawa afande.

Ungependa kufikiri nilificha kwa ajili yako. Kidogo ni kwa ajili yako, na kidogo ni kwa ajili ya jina lake. Lakini zaidi ni kwa ajili yangu. Nikisema alinizuia, mtu atauliza kwa nini nilikuwa nimeshika bastola na sikufyatua mapema. Na ni kweli sikufyatua mapema. Nzioka alipogeuka mara ya kwanza ningeweza kumpiga. Nikasikia "umeahidi", nikangoja. Nimeishi kwenye kule kungoja tangu Februari. Natoka dawatini naenda chumbani, narudi dawatini, na bado niko pale pale kwa lango.

Utataka nikuambie kwamba hata Mulinge angetoa bastola yake mambo yangekuwa vile vile. Nimelipima jambo hilo kila upande. Pengine na bastola mbili Nzioka angeanguka kabla ya kumfikia. Pengine risasi nane zingefanya kile nne zilifanya, na angetembea vile vile. Nilizungumza na daktari aliyepasua maiti, naye hawezi kusema. Sitakuuzia uhakika ambao sina.

Ninachokijua ni kile nilichokiona. Mulinge aliingia mikono mitupu na lile panga likashuka. Lilishuka mpaka gotini. Hakuna silaha ya kituo chetu ingelishusha namna ile. Ombi lako lilikaribia kufaulu, Shemeji. Mlango ule usingegonga, leo ungekuwa na wote wawili. Na usimwambie mama yako hilo, nakuomba.

Mahakamani nitasema yote, nimeshaamua. Kwa hivyo usiape uongo ukidhani unanilinda. Nimekuandikia mapema ili lisikupate kama kofi mbele ya watu.

Liban


Mbooni,
5 Agosti 2024

Shemeji Liban,

Wewe ulikuwa umeambiwa ungoje nje nilipoitwa, kwa hivyo hukusikia. Nilisema. Niliulizwa tulizungumza nini na mume wangu, nikasema nilimwambia, "Tafadhali usimpige ndugu yangu," naye akasema, "Sitampiga, huyo ni wetu." Sikulia. Nilikuwa nimejiandaa kulia na haikuja. Wakili aliandika, hakimu akaandika, mtu mmoja nyuma akakohoa. Halafu daktari akaeleza tatu za kifua na moja ya bega, akaeleza zile pumzi za mwisho kama ulivyonieleza, na watu wa Mbooni waliokuja wakisema hukumpiga mapema waliacha kunong'ona. Ulipoingia ukasema ya simu bila kuulizwa, Musyoka alinitazama mimi, hakukutazama wewe.

Tulirudi nyumbani. Kesho yake asubuhi nilikuwa nikiteka maji kwa tangi, Kalekye akaja akasimama hapo.

Akaniuliza, "Mama yako ndiye alikupigia kwanza?"

Nikasema ndiyo.

"Akisema nini?"

"Akisema, mwambie bwanako asimuue mtoto wangu."

Aliangalia maji yakijaa mpaka yakamwagika, hakuniambia nifunge. Akasema, "Yule kijana alikula kwangu miaka miwili. Nilimshonea vifungo vya shati. Simu ingekuja kwangu, mimi pia ningesema hivyo." Nikataka kumshika mkono. Akauondoa, si kwa hasira. Akasema, "Lakini nikikuona naona shingo ya mwanangu. Sijui nifanye nini na hilo. Usiniulize."

Wazee wa ukoo walikaa Jumamosi. Hawakunifukuza. Walisema naweza kwenda kwa mama yangu wakati wowote nitakao, hata kukaa, na kwamba Ndunge na Mutindi ni wa Mulinge na watabaki. Musyoka alilisema kwa upole, kama mtu anayekupa kitu. Mlango uko wazi kwako, alisema.

Kwa hivyo niko hapa. Nilikwenda Zombe siku moja, nikalala, nikarudi. Mama amekonda. Tulikaa naye kwenye ile ngazi ya jikoni kwa sababu hana mahali pengine pa kukaa. Nilimwonyesha picha za watoto, akazitazama mpaka betri ikaisha. Kaburi la Nzioka limeota nyasi, nikang'oa. Halafu jua likaanza kushuka, na nilipaswa kuwa Mbooni kesho yake kabla Mutindi hajaanza kuniulizia mbele ya bibi yake.

Simu nimerudishiwa, kama umeona nilivyosema habari ya betri. Sijui kwa nini bado naandika kwa karatasi. Nafikiri ningesikia sauti yako nisingeweza.

Nasikia hukumu imesema hukukosea. Watakurudisha kazini?

Wayua


Migwani,
14 Oktoba 2024

Shemeji Wayua,

Wamenirudisha. Niko Migwani tangu Septemba. Siku ya kwanza nilitia sahihi nikapewa bastola. Si ile, ile bado iko na mahakama, lakini ni ndugu yake. Uzito ni ule ule. Qamar hasemi na mimi. Ningeacha kazi, lakini ningekwenda wapi na kujua ninachokijua? Huku watu hutazama kiunoni kabla ya kunitazama usoni. Mwenye duka la hapa aliniambia, wewe na hiyo, nani atakugusa. Nilinunua maziwa nikaondoka.

Jumatano iliyopita tuliitwa. Mtu mmoja alikuwa amekunywa tangu asubuhi, amechukua panga, amefukuza watu bomani kwake. Nilikwenda na kijana mmoja mgeni kazini. Tulipofika, mke wa yule mtu alikuwa nje ya lango. Alinishika mkono wa sare akasema, "Afande, usimpige."

Nilisimama. Nilitaka kumwambia sitampiga, na neno lilifika mdomoni. Lakini ahadi hiyo sikuwa nayo ya kumpa, na sikuwa na moyo wa kumnyima. Nikamwambia, "Mama, funga lango kwanza."

Tulilifunga kwa mnyororo, yule mlevi ndani, sisi nje. Mwenzangu akasema tuingie tummalize haraka, tuko wawili. Nikamwambia hapana, tutakaa. Nikakaa chini kabisa, mgongo kwenye mti wa ua, nikaongea na yule mtu kati ya miiba. Alikuja akakata lango. Tulirudi nyuma, akachoka, tukasogea tena. Nilimuuliza mahindi yake, nikamuuliza mbuzi wake. Kikamba changu cha kuokoteza kilimchekesha. Jua lilikuwa limeegemea upande wa pili alipolitupa panga juu ya ua na kuomba maji.

Mkuu wangu alinikemea mbele ya wenzangu kwa kupoteza nusu siku juu ya mlevi mmoja. Kwenye ripoti ameandika kwamba nilisitasita. Hilo litanifuata, na pengine sitapandishwa cheo. Nimelisoma na nimetia sahihi.

Kesho yake yule mama alikuja kituoni. Aliomba msamaha kwa kunishika sare na kuniingilia kazi. Nilimwambia hakuna kosa alilolifanya. Nilimwambia mtu yeyote mwenye mtu wake ndani ya lango angesema vile vile, na kwamba sikumlaumu, hata kama mambo yangekwenda vibaya nisingemlaumu.

Alishangaa kuona nikisema kwa kirefu namna hiyo. Alikuwa amekuja na mayai tu. Nilipomaliza ndipo nilijua kwamba maneno hayo nilikuwa nikiyabeba tangu barua yako ya Machi, na kwamba hayakuwa yake.

Liban